Dirisha Lisilofungika

Tangu redio iletwe zahanati, Bwana Gharib aliacha kunywa kahawa ya asubuhi nyumbani kwake. Akishaswali alfajiri hupitia karakana yake, akaitupia jicho milango aliyokuwa akiichonga, akapuliza vumbi la mbao hapa na pale, kisha huyo, kikombe mkononi, kwenda kuketi kwenye benchi lililo chini ya dirisha la zahanati. Wazee wenzake walikuwa wameshamwekea nafasi. Pale ndipo kulikokuwa na habari.

Hazikuwa habari za serikali mpya, wala za shifta waliokuwa wakihangaisha watu upande wa bara hata mashua zikakatazwa kutembea jua likishatua. Zilikuwa habari za maradhi. Kila siku saa tatu asubuhi dresa Ndirangu, muuguzi wa zahanati, aliwasha mtambo wake kwa betri ya gari, na daktari aliyekuwa Nairobi akaziita zahanati za pwani ile moja baada ya moja. Kila dresa alieleza mgonjwa wake ana nini, naye daktari akajibu mpe hiki, mfanyie vile, au huyo mwekeni tayari, ndege inakuja. Na kwa kuwa maneno yale yalikwenda hewani, lililosemwa katika zahanati moja lilisikika katika zote. Na kwa kuwa waya wa mtambo ulitoka nje kwa dirishani kwenda kufungwa juu ya mnazi, bawa la dirisha lile halikufungika, na lililosikika ndani lilisikika pia benchini.

Hivyo ndivyo watu wa kisiwa cha Pate walivyopata kujua kwamba kuna bwana mmoja wa Kiwayuu aliyeota jipu mahali pa kukalia. Bwana yule alipokuja kwao harusini, mkewe kamshonea kanzu mpya, mtu akapaza sauti toka mwisho wa ukumbi: "Mleteeni mto mgeni wetu, asikalie mkeka mtupu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mgeni aliondoka hata pilau haijapakuliwa.

Aliyelieneza jipu lile mji mzima alikuwa Bwana Gharib. Alilisimulia kwa mikono na kwa macho, akaonyesha mtu anavyokaa upande mmoja, akainuka, akakaa upande wa pili. Saadiya, mke wa mwanawe, aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia, akajiziba mdomo kwa ncha ya leso asisikike akicheka.

Saadiya alikuwa na mtoto mmoja, Barka, aliyekuwa akitambaa na kushika kila kinachoshikika. Mumewe Jeilani alikuwa Mombasa, kazi za bandarini, pamoja na shemeji yake Fadhil. Kwa hiyo nyumbani walibaki wazee wawili, Bwana Gharib na mkewe Bi Kulthum, na Saadiya, na wifi yake Swafiya, mke wa Fadhil, aliyerudi kwa mamake kujifungua mtoto wake wa kwanza kama ilivyo ada.

Jioni tatu kwa wiki Saadiya alikwenda kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao alikuwa Bi Jerioth, mke wa koplo wa polisi, mtu wa bara aliyechapa Kiswahili kama anayepiga mashine ya taipu. Siku moja Bi Jerioth aliwauliza, "Watoto wenu watakapokuwa watu wazima, matibabu yatakuwaje?"

"Dawa zitakuwa tamu," akasema mmoja.

"Sindano watapigwa waume zetu kwa niaba yetu."

"Amina!" darasa likaitikia, vicheko vikapaa.

Saadiya aliona haya, lakini alisema. "Daktari atamtibu mtu asiyemwona."

"Huyo ni mganga, bibi! Mbona wapo tele?"

Hata Bi Jerioth alicheka. Kisha akasema, "Msimcheke. Jambo hilo limeshaanza, tena hapa hapa kwenu. Redio ile ya zahanati mnadhani ni ya nini?"

Saadiya alirudi nyumbani siku ile akiona kama kakanyaga pamba. Alimfikiria mwanamke aliyelala kitandani mwake, pazia limeshushwa, na daktari mkubwa wa Nairobi akimuuliza umeamkaje, wapi panauma, bila ya kuvuka kizingiti wala kufunua ushungi. Ikamwelea kwamba tiba hiyo iliumbwa kwa ajili ya wanawake wa visiwa vyao hasa. Benchi hakulifikiria.

Swafiya alijifungua salama, mtoto wa kike, na watu wakapiga vigelegele. Alikandwa kwa maji moto, akafukizwa udi, akalishwa uji wa pilipili manga, akafungwa tumbo kwa kitambaa, akalazwa chumba cha ndani kuanza arubaini yake. Siku zile mwanamume haingii, hata awe baba mzazi. Bwana Gharib alisimama ukumbini akauliza kwa nje ya pazia.

"Mwana kaamkaje?"

"Alhamdulillahi," akajibu Bi Kulthum.

Homa ilipoanza jibu lilikuwa lile lile. Homa ilipozidi, Bi Kulthum aliongeza kidogo tu. "Alhamdulillahi. Ana vuguvugu la homa." Saadiya, aliyekuwa akifua vitambaa vya mzazi uani, alijua kwamba si vuguvugu. Vitambaa vilikuwa na harufu iliyomfanya ageuze uso. Tumbo la Swafiya lilikuwa gumu, na ukiligusa anakushika mkono kwa nguvu zote na machozi yanamtoka. Dresa Ndirangu aliitwa, akaketishwa ukumbini, akapewa mkono wa mgonjwa upitie penye pazia aupime mapigo. Akauliza maswali. Bi Kulthum akajibu yote kwa neno moja, homa. Akatoa vidonge, akaenda zake akitikisa kichwa.

"Mama," Saadiya alisema walipobaki peke yao, "vile vidonge havifanyi kitu. Dresa hajui ugonjwa ni nini. Hatujamwambia."

"Tumwambie nini mwanamume yule? Tumweleze yatokayo kwa mwanangu?"

"Basi tumwambie daktari wa redioni. Yeye yuko mbali, hatujui wala hatumjui."

Bi Kulthum alimtazama kama mtu aliyesikia mtoto akisema neno la kikubwa. "Mwambie mkweo," akasema.

Saadiya alimwambia mkwewe alipokuja kula, akiwa amesimama kando ya mlango na macho ameyainamisha. Bwana Gharib aliacha tonge mkononi.

"Swafiya? Redioni?"

"Ndiyo, Baba. Ataulizwa maneno mawili matatu tu, nitamjibia."

"Maneno hayo mawili matatu yatafika Kiwayuu, yatafika Kiunga, yatafika Mokowe, na mume wake aliko Mombasa atayapata sokoni yakiwa mia." Alirudisha tonge sahanini. "Masikio ya benchi lile nayajua mimi, Saadiya. Mawili ni yangu. Homa ni homa, itashuka. Jina la binti yangu halitatoka dirisha lile, maadamu niko hai."

Saadiya alisema "Naam, Baba," kwa sababu hakuna lingine la kumjibu mkwe. Lakini alipokuwa akikusanya vyombo, aliviweka kwa nguvu hata bakuli likagonga bakuli.

Kesho yake asubuhi alimpelekea Swafiya mtoto anyonye. Swafiya alikuwa amelala chali, midomo imekauka, macho yanang'aa vibaya. Alimtazama mtoto kwa muda, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Huyu ni wa nani?" akauliza.

"Wako, Swafiya. Binti yako."

"Mzuri, mashallah," akasema Swafiya, akageukia ukutani.

Saadiya alimlaza mtoto, akatoka, akavaa buibui lake, akampakata Barka kiunoni. Bi Kulthum alikuwa jikoni, mwiko mkononi, moto umeshazimika hana habari.

"Wenda wapi?"

"Dukani, Mama."

Bi Kulthum alimtazama. Duka lilikuwa upande wa kushoto wa mlango wao, na wote wawili walijua Saadiya hataelekea kushoto.

"Ukifika huko dukani," Bi Kulthum akasema polepole, "sema utakalo. Jina tu, mwanangu. Jina usilitaje."

Njiani Saadiya alilifikiria neno lile. Alijua mavyaa wake hamwombi afanye siri. Siri ya nini, na mji mzima ulikula halua ya uzazi? Wanaume wale wa benchini wakisikia mzazi, watajua ni nani. Lakini maadamu jina halikutamkwa, kila mmoja ana nafasi ya kufanya kama hakujua, na kwa watu wa mji wao nafasi hiyo ndiyo sitara yenyewe. Ni nguo nyepesi, inaonyesha mwili, lakini ni nguo. Tena Kiunga na Kiwayuu hawajui kitu. Ila mgonjwa lazima awe na jina; Ndirangu hawezi kumwambia daktari fulani binti fulani. Alipofika zahanati alikuwa ameshaamua ataazima lipi.

Benchi lilikuwa limejaa. Bwana Gharib alikuwepo, kikombe gotini, mgongo kaupa ukuta. Alipoliona buibui na mtoto akawatambua, uso wake ukakaza.

"Salaam alaykum," Saadiya akasema.

"Waalaykumu salaam," wakaitikia wazee. Mmoja akaongeza, "Barka mgonjwa?"

"La. Mimi," akasema Saadiya, akaingia ndani.

Ndirangu alikuwa ameshazungusha vitufe, na sauti za zahanati nyingine zilikuwa zikipasuka pasuka kama mafuta kikaangoni. "Nataka kusema na daktari mwenyewe," Saadiya alimwambia. Ndirangu akamtazama, akamtazama mtoto mnene aliyekuwa anapapasa meza yake. Akavuta pumzi kuuliza, akaiacha. Jana yake alikuwa kaushika mkono uliopita penye pazia, na joto lake halijamtoka viganjani.

"Ukisema, bonyeza hapa," akamwonyesha. "Ukimaliza, sema ova, uachie. Na usisalimie sana. Kuna wengine wanangoja."

Daktari aliita. Sauti yake ilikuwa ya mzungu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, kila neno kaliweka peke yake.

"Salaam alaykum, daktari," Saadiya alianza. "Hujambo? Hapo nyumbani kwako hawajambo?"

Ndirangu akazungusha mkono, haraka, haraka.

"Mgonjwa ni mimi. Naitwa Saadiya. Nimejifungua wiki iliyopita, na nina homa kali. Ova."

Nje, mtu mmoja alikohoa. Hakuna aliyecheka. Saadiya aliwasikia wakinyamaza, na kunyamaza kule akakuelewa: walikuwa wameshajua, na walikuwa wamekubali kutojua. Akawashukuru moyoni.

"Mama, homa imeanza lini? Ova."

"Siku ya tatu baada ya kuzaa. Hupanda, haishuki. Vidonge nimemeza, havikufaa. Ova."

"Tumbo likoje? Ova."

"Gumu. Huku chini. Haliguswi." Alisahau kusema ova, akakumbuka, akasema.

"Damu inatoka bado? Na ina harufu? Ova."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Kwa dirishani aliona kanzu za wazee na kofia zao, na mkono wa mkwewe ulioshika kikombe. Barka alikuwa akivuta waya. Saadiya alifumba macho, akabonyeza.

"Inatoka. Ina harufu mbaya sana, daktari. Harufu ya kitu kilichokufa. Na leo asubuhi ni—" akajikwaa, "leo nimeletewa mtoto wangu, sikumjua. Ova."

Nje kikombe kilianguka, kikavunjika.

Daktari aliposema tena sauti yake ilibadilika. "Mama, hii ni hatari. Kuna kitu kimebaki ndani na kimeoza. Unahitaji upasuaji. Ova." Barka aliuona wakati huo kuwa ndio wake. Alikishika kinasa sauti kwa mikono miwili, akakibonyeza kwa nguvu zake zote, na pwani nzima ikamsikia akisema, "Ba! Ba! Ba! Ba!" na kisha akacheka, kicheko kile cha mtoto aliyeshiba.

Saadiya akamnyang'anya. Mtambo ukakwaruza.

"Mama," daktari akasema. "Huyo anayecheka ni nani? Ova."

"Ni... ni mtoto wangu. Ova."

"Mtoto wa wiki moja hacheki hivyo. Wala hasemi ba." Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na wewe unazungumza kwa nguvu sana kwa mtu mwenye homa hiyo. Sikiliza, mama. Nina ndege moja. Kuna mtu mwingine huko kaskazini, ameumizwa vibaya, naye anaingoja. Siwezi kuituma kwa maneno ambayo siyaamini. Mgonjwa yupo, au hayupo? Kama yupo, ni nani? Ova."

Saadiya alishika kile chombo, kidole juu ya kitufe, asiweze kubonyeza wala kuachia. Akitaja jina amemvunjia mkwewe neno lake mbele ya pwani yote, na Swafiya, akipona, atakuwa ni yule mwanamke wa redioni mpaka azeeke. Kila harusi atakayokwenda ataletewa mto wake. Asipotaja, hakutakuwa na harusi. Lakini jina halikuwa lake yeye kulitoa. Aliwaza hivyo, na akajua kuwa wakati anawaza, ndege inageuzwa kwenda kwingine. Akafungua mdomo.

"Swafiya!"

Halikutoka kwake. Bwana Gharib alikuwa amesimama dirishani, kaushika mwimo kwa mikono yote miwili, uso wake umekuwa rangi ya majivu.

"Mwambie Swafiya! Swafiya binti Gharib!" Alikuwa akipiga kelele, kana kwamba Nairobi iko ng'ambo ya mkondo tu. "Mwambie ni binti yangu mimi, baba yake nimo hapa, na yote uliyosema ni kweli. Bonyeza, mama, bonyeza asikie!"

Saadiya alibonyeza. Alisema jina, akasema mgonjwa ni wifi yake, na kwamba aliyoyaeleza ameyaona kwa macho yake na kuyafua kwa mikono yake. Akasema, "Niulize lolote." Daktari hakuuliza tena ila kama mgonjwa anaweza kunywa maji, na kama uwanja ni mkavu. Kisha akasema ndege inakuja.

Bwana Gharib alikuwa bado kashika mwimo. Aligeuka, akawatazama wenzake wa benchini, watu aliokunywa nao kahawa tangu ujana.

"Mmesikia nyote?" akauliza. "Haya. Habari ya leo ndiyo hiyo. Nendeni mkaseme."

Hakuna aliyeinuka. Mmoja alikuwa ameinama anaokota vigae vya kikombe, kimoja kimoja, kama vitu vya thamani. Bwana Gharib alimwita Saadiya kwa dirishani, na sauti ikamshuka.

"Mbona hamkunambia?" akasema. "Mimi wamenambia vuguvugu. Kila nikiuliza, alhamdulillahi. Nimekaa hapa nasikiliza matumbo ya watu wa Kiunga, na mwanangu yuaoza nyumbani mwangu siyui."

Saadiya alikuwa analia, na Barka alikuwa akimpapasa machozi kwa kiganja, akiyashangaa.

Uwanja wa ndege ulikuwa kiwanja cha majani nyuma ya mashamba ya minazi, walichokifyeka wenyewe mwaka uliopita. Watu walikimbilia kuwaswaga mbuzi. Swafiya alitolewa kwa kitanda chake cha kamba, na waliokibeba walikuwa ni wale wale wa benchini, mmoja kila pembe. Walikwenda nyuso wamezielekeza juu, kwenye majani ya minazi, wakijikwaa visiki, ila hapana aliyethubutu kutazama chini. Wanawake walitembea kandokando wameshika leso zimefunguliwa, kama ukuta unaokwenda.

Swafiya alizinduka jua lilipompiga usoni.

"Saadiya. Umewambia nini?"

"Nimesema waumwa."

"Kwa redio?"

"Kwa redio."

"Wote wamesikia?"

Saadiya alitaka kusema uongo, hata neno likafika ulimini. "Wote," akasema.

Swafiya alifumba macho. Chozi moja lilimtoka likaingia sikioni, na Saadiya akalifuta kwa kidole. Hakujua lilikuwa la maumivu au la lile jibu, na hakuuliza.

Bi Kulthum ndiye aliyekwenda na mgonjwa. Hajawahi kupanda hata gari maisha yake. Alisimama mbele ya ngazi ya ndege, buibui linapepea, akamkabidhi Saadiya kichanga.

"Mnyonyeshe," akasema. "Lakini ujue ukimnyonyesha, huyu na Barka ni ndugu. Hawaoani hawa. Na mimi nilikuwa nishawapangia."

"Na wawe ndugu, Mama. Bora wawe hai."

"Mwana wa watu we," akasema Bi Kulthum, na Saadiya hakujua kama ilikuwa ni lawama au shukrani, maana aligeuka akapanda, akisoma kwa sauti kila aya aliyokuwa anaijua.

Siku ile Saadiya alinyonyesha watoto wawili. Barka alinung'unika, akauvuta ule mguu mdogo wa mwenziwe kama anayeng'oa jani. Saadiya alimtazama yule binti ambaye bado hajapewa jina na watu, akawaza juu ya darasa na kicheko chake. Daktari amemtibu mtu asiyemwona, kweli imekuwa. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba tiba hiyo mpya inaingia kwa mlango wa mbele, haishushi pazia, na inaacha kila kitu wazi nyuma yake. Akamfikiria binti huyu akiwa mkubwa, mgonjwa, anasema na daktari kwa chombo ambacho hata hakijatengenezwa. Nani mwingine atakuwa anasikiliza?

Asubuhi ya pili alikwenda zahanati na watoto wote wawili. Alisikia randa kabla hajafika. Bwana Gharib alikuwa amelitoa bawa la dirisha, amelilaza juu ya benchi, na maranda yalikuwa yamejaa miguuni pake. Alikuwa amelipunguza ubavuni, na pembeni alikuwa amechonga tundu dogo la duara, la kupitishia waya. Hata pale, mkono wake ulikuwa umeshindwa kujizuia: pembezoni mwa tundu aliweka ua dogo, kama yale ya milango yake.

Mzee mmoja alifika na kahawa yake, akasimama. "Sasa sisi tutakaa wapi, Gharib?"

"Kwani kwenu hakuna baraza?"

"Na habari tutazipataje?"

"Ukitaka habari za humu, ugua."

Mzee aliguna, akazunguka zunguka, akaenda zake. Bwana Gharib alilipachika bawa bawabani, akalijaribu. Likaenda, likarudi. Ndani, Ndirangu alikuwa ameshawasha mtambo.

"Baba, ndoo, ingia ndani," Saadiya akasema. "Watasema habari zake sasa hivi."

Bwana Gharib alitazama ule mlango.

"Nenda wewe," akasema. "Wewe ndiwe uliyemuona." Kisha akaushika ubao kwa viganja, akalisukuma dirisha taratibu, yeye mwenyewe akiwa upande wa nje, mpaka likakutana na mwimo.

Chumba kikawa na giza na joto. Mwanga pekee ulikuwa mstari mwembamba kandokando ya waya. Zahanati nyingine zilijibu, moja baada ya moja. Bado zilikuwa huko hewani, zinasikiliza, na kwa hizo hakuna seremala wa kuzifanyia bawa. Kisha daktari akaita mji wao.

"Saadiya yupo? Ova."

"Nipo, daktari." Hakusalimia. "Ova."

"Swafiya yu hai. Amefanyiwa upasuaji usiku. Homa imeanza kushuka. Amekunywa uji, mama yake yuko naye." Mtambo ukakwaruza, kana kwamba sauti imesita. "Kuna jambo jingine. Hilo sitalisema hapa. Nitamwambia yeye mwenyewe akipata nguvu, na yeye ataamua nani amwambie. Umenielewa? Ova."

Saadiya alimtazama Ndirangu katika lile giza. Ndirangu alikuwa ameinamisha kichwa, anapangua sindano zilizokuwa zimeshapangwa.

"Nimekuelewa," akasema. "Ahsante. Ova."

Alikuwa ameelewa, au alidhani kaelewa. Alimtazama mtoto wa Swafiya aliyelala mkononi mwake, mdomo wazi, akamkumbatia kwa nguvu kidogo, kama mtu anayeshika mtoto ambaye huenda asipate ndugu wa tumbo moja. Kisha akatoka juani.

Bwana Gharib alikuwa ameketi kwenye benchi, peke yake, patasi mapajani.

"Yu hai, Baba. Homa inashuka. Kanywa uji."

Alifunika uso kwa viganja. Vumbi la mbao likambaki mashavuni alipoviondoa. Akamtazama Saadiya, na Saadiya akajua kwamba ameona. Mtu aliyesikiliza dirisha lile kila siku hakuweza kukosa kujua uso wa aliyetoka na neno zaidi.

"Kuna jingine," akasema.

"Lipo. Ila daktari hakulisema. Atamwambia mwenyewe."

Mdomo wake ulifunguka. Saadiya alingoja swali, na hakujua angelijibu vipi. Bwana Gharib alinyoosha mikono.

"Basi," akasema. "Nipe mjukuu wangu, uupumzishe mkono."